Mara mia moja tu, halafu wakafunga

Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, macho mekundu, miguu imevimba, na badala ya kurudi kulala Newark nikapanda treni kwenda New York. Sababu ni dada mmoja wa Kenya niliyekuwa nafanya naye kazi ya kulea wazee, usiku ule ule tukiwa jikoni tunakunywa chai aliniambia ile shoo ya mwanamke wa Kiitaliano inafungwa Jumapili, kama hujaiona ndo basi tena. Hiyo ilikuwa Jumatano tarehe 14 Mei 2014, na Jumatano Broadway, yaani zile kumbi kubwa za maigizo ya nyimbo za New York, wana onyesho la mchana. Nikapanga foleni TKTS, kile kibanda cha Times Square kilicho chini ya zile ngazi nyekundu (watu wetu wengi wanapiga picha juu ya zile ngazi bila kujua chini yake wanauza nini, wanauza tiketi za siku hiyo hiyo kwa bei iliyokatwa, na biashara hiyo ipo tangu 1973), nikapata kiti kwa nusu bei.

Shoo yenyewe ilikuwa The Bridges of Madison County. Muziki na mashairi ya Jason Robert Brown, hadithi iliandikwa kwa ajili ya jukwaa na Marsha Norman kutoka kwenye ile riwaya ya Robert James Waller. Wengi mnaijua kwa filamu ya 1995 ya Meryl Streep na Clint Eastwood. Francesca ametoka Napoli baada ya vita akiwa ameolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, akapelekwa shamba huko Iowa, akazaa, akalea, akapika, miaka ikaenda. Mwaka 1965 mume na watoto wanasafiri kwenda kwenye maonyesho ya kilimo, anabaki peke yake nyumbani, anatokea mpiga picha anaulizia daraja. Siku nne. Hakuna zaidi ya hapo kwenye hadithi, hakuna helikopta, hakuna jini, hakuna moto.

Mimi sijaolewa na mwanajeshi wala sijawahi kuishi Iowa lakini mwanamke anayeongea lugha ya watu kutwa nzima, halafu akibaki peke yake na masufuria anarudia ya kwao, huyo namjua, huyo ni mimi na nusu ya wanawake ninaosali nao. Kelli O'Hara, aliyekuwa Francesca, alivyofungua mdomo nikaanza kulia dakika za mwanzo kabisa, na sikuwa peke yangu, mzee wa Kizungu pembeni yangu alitoa leso akanipa kabla hajajifuta yeye. Mwisho watu walisimama, walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Halafu nikageuka kuangalia nyuma na juu, nikaona viti. Safu kwa safu za viti vyekundu havina mtu.

Jumapili tarehe 18 wakafunga. Ilikuwa imefunguliwa rasmi tarehe 20 Februari. Ukihesabu maonyesho tangu ufunguzi yalikuwa 100 tu.

Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Juni, shoo ambayo haipo tena, seti imeshavunjwa na waigizaji wanatafuta kazi nyingine, ikashinda Tony, zile tuzo kubwa za Broadway, ya muziki bora na Tony ya upangaji wa ala, zote mbili mikononi mwa Jason Robert Brown. Nilikaa kwenye kochi naangalia TV nikawa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Ndo tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia hili swali kwa miaka: inakuwaje kitu watu wanakipenda hivi, wanalia, wanasimama, halafu kinakufa kwa kukosa watu?

Jibu la haraka ambalo wengi wanatoa ni kwamba basi haikuwa nzuri kiivyo. Hilo nalikataa kabisa na nitaeleza kwanini.

Kwanza muelewe hela inavyotembea, maana bila hilo utabaki kulaumu watu bure. Chukua harusi ya kwetu. Kuna zile hela za kuandaa, kamati inakaa vikao miezi, watu wanachanga, mnanunua mapambo, mnashona sare, mnaweka advansi ya huyu na yule. Hizo zikishatoka zimetoka. Halafu kuna hela za siku yenyewe, ukumbi, chakula, muziki, MC, walinzi, wafagiaji. Kwetu siku ni moja, wageni wakishashiba na kucheza mambo yamekwisha. Sasa Broadway wanafanya hiyo harusi mara nane kwa wiki, wiki hadi wiki, na kila wiki ukumbi unalipwa upya, waigizaji, wapiga ala, mafundi wa taa na sauti, wanaovalisha, wanaotunza mawigi, matangazo, mirabaha ya waandishi, umeme, bima. Waliochanga mwanzoni, yaani wawekezaji, hawaanzi kurudishiwa chochote mpaka matumizi ya wiki yamelipwa na kitu kikabaki. Shoo mpya za nyimbo ambazo kuziweka jukwaani siku hizi kunapita dola milioni 20 si chache, na kwa hesabu inayotajwa sana kule ni kama shoo moja kati ya tano tu ndo inayorudisha hela za watu.

Kwa hiyo kila shoo mpya inaanza maisha ikiwa na kapu la akiba, na kila wiki ambayo mauzo ya tiketi hayafikii matumizi, wanachota humo. Kapu likiisha, mmefunga, hata kama usiku huo watu 600 wamesimama wanalia.

Na mwenye ukumbi naye. Broadway kuna kumbi 41 tu (ukumbi unahesabiwa wa Broadway ukiwa na viti 500 na kuendelea na uko eneo hilo, sio lazima uwe barabara ya Broadway yenyewe), na nyuma ya kila ukumbi kuna shoo nyingine imepanga foleni inasubiri nafasi. Kwenye mikataba mingi kuna kipengele kwamba mauzo yakishuka chini ya kiwango fulani kwa wiki mbili mfululizo mwenye ukumbi anaweza kuwaambia mfungashe. Juu ya hapo mauzo ya kila shoo yanachapishwa kila wiki, wazi kabisa, mtu yeyote anayaona. Sasa fikiria mauzo yako ya chini yanaanikwa namna hiyo, kila anayefuatilia anasema hiyo inakufa, na mtu aliyetaka kununua tiketi ya mwezi wa saba anaogopa itafungwa kabla, hanunui, na kwa kutokununua kwake inafungwa kweli.

Kinachoziua hizi shoo ni muda. Hapo ndo ninaposimamia mimi. Habari ya kitu kizuri cha taratibu inatembea kwa miguu. Bango nilikuwa naliona, lakini sifa yake niliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa binti wa bibi anayemlea, ambaye alikwenda mwezi wa tatu. Yaani kutoka mwezi wa tatu mpaka ikanifikia mimi jikoni ni wiki kama nane. Na bili ya ukumbi haisubiri wiki nane, inakuja kila wiki. Shoo kama ile ilihitaji labda mwaka mzima ili watu waambiane taratibu kwenye saluni na makanisani na kwenye treni, ikapewa miezi mitatu.

Na hiyo miezi mitatu yenyewe angalia ilikuwa ipi. Masika ya 2014 kila mtu alikuwa anafungua. Aladdin ya Disney ilifunguliwa Machi, mwezi mmoja baada ya Bridges. Rocky Machi hiyo hiyo, ulingo wa ndondi unasogea mpaka katikati ya watazamaji. Les Misérables ilirudi, Cabaret ilirudi, Idina Menzel alikuwa na If/Then na mwaka ule sauti yake, kwa ile filamu ya Frozen, ilikuwa kila nyumba yenye mtoto wa kike, Neil Patrick Harris alikuwa na Hedwig. Wanafungua wote kipindi kimoja kwasababu siku ya mwisho ya kuhesabiwa kwenye Tony ni mwishoni mwa Aprili na kila prodyuza anataka shoo yake iwe bado mpya vichwani mwa wapiga kura. Familia iliyotoka Ohio kwa wikiendi moja ina hela ya shoo moja, mbili wakijitutumua. Hapo unamwambia nani aache Aladdin aje kuangalia mke wa mkulima akifikiria?

Halafu majina ya watakaoshindania Tony yakatoka. Bridges ikapata manne, akiwemo O'Hara, lakini kwenye kundi la shoo bora ya mwaka haikuwekwa, na hilo kundi moja ndo lenye hela. Ukiwa humo unapewa dakika zako kwenye TV usiku wa Tony, na Marekani nzima inakuona. Ukikosa, umekosa tangazo ambalo huwezi kulinunua. Wachambuzi wenyewe walikuwa wamegawanyika kuhusu shoo lakini muziki na ile sauti walivisifu karibu wote. Siku chache baada ya majina kutoka tangazo la kufunga likatolewa.

Nimesema nakataa kwamba zinakufa kwasababu sio nzuri. Ushahidi wangu mkubwa ni Harold Prince. Huyu ndo aliyeongoza The Phantom of the Opera, iliyofunguliwa Broadway Januari 1988 na kufungwa Aprili 2023, miaka 35, maonyesho 13,981, hakuna iliyowahi kufika hapo. Mtu huyo huyo, akili hiyo hiyo, Novemba 1981 aliongoza Merrily We Roll Along ya mtunzi Stephen Sondheim na ikafungwa baada ya maonyesho 16. Kumi na sita! Wakati huo Prince na Sondheim walikuwa wametoka kufanya Company, Follies na Sweeney Todd, hakukuwa na watu wawili wanaoheshimika zaidi yao kwenye hiyo kazi. Hadithi ya Merrily inakwenda kinyumenyume, inaanza na marafiki watatu wa ukubwani waliochoshana na kuumizana, inarudi nyuma mpaka usiku wakiwa vijana juu ya paa wanaangalia angani. Waigizaji walikuwa vijana wadogo kabisa, watazamaji wakachanganyikiwa nani ni nani mpaka wakavalishwa fulana zimeandikwa, watu wakawa wanatoka katikati ya onyesho. Kesho yake baada ya kufunga wale vijana walikwenda studio wakarekodi albamu. Ile albamu ndo iliyoifufua. Watu wakaisikiliza miaka na miaka, kila baada ya muda mtu anaijaribu upya, inarekebishwa, mpaka Maria Friedman akaifanya London 2012, halafu New York, ikarudi Broadway Oktoba 2023 na Daniel Radcliffe, Jonathan Groff na Lindsay Mendez. Tiketi zikawa hazishikiki kwa bei, ikashinda Tony nne, ikarudisha hela za waliochanga. Sondheim alifariki Novemba 2021, hakuiona ikirudi Broadway. Hilo linaniuma kuliko yote.

Miaka 42 kusubiri watu wafike.

Na Jason Robert Brown ukifuatilia maisha yake ni hivyo hivyo tena na tena, mpaka unajiuliza anapata wapi nguvu ya kukaa kwenye piano. Parade, Desemba 1998, tena na Prince yule yule: hadithi ya kweli ya Leo Frank, Myahudi wa Atlanta aliyehukumiwa 1913 kwa mauaji ya binti wa miaka 13 na mwaka 1915 akatolewa gerezani na genge, wakamnyonga. Unafungua hiyo wiki moja kabla ya Krismasi. Kampuni mojawapo iliyokuwa inaigharamia ilikuwa imefilisika mwezi mmoja tu kabla, na maonyesho 84 baadaye ikafungwa. Ikashinda Tony ya muziki na ya hadithi ikiwa imeshafungwa, sawasawa na Bridges. Iliporudi 2023 ikiwa na Ben Platt ikachukua Tony ya shoo bora iliyorudishwa. The Last Five Years, 2002, ukumbi mdogo, miezi miwili basi, na leo ni nadra kukutana na mwanafunzi wa uimbaji Marekani asiyejua hata wimbo mmoja wa mle. Honeymoon in Vegas nayo, hiyo ni ya kuchekesha kabisa, haina kifo wala machozi, wachambuzi wakubwa waliisifu sana, ilifunguliwa Januari 2015 kwenye baridi ile kali, Januari na Februari watalii hakuna, Aprili 5 ikafungwa, maonyesho 93. Kwa hiyo hata wanaosema tatizo ni huzuni, watu wanataka kucheka, wajibu na hii.

Ingawa kusema kweli mada nayo inachangia, siwezi kudanganya. Nadhani hapa ndo panahitaji watu kuwa wakweli zaidi. The Scottsboro Boys ya Kander na Ebb, wale wale waliotunga Chicago, inahusu vijana tisa weusi waliokamatwa Alabama mwaka 1931 kwa kosa ambalo hawakulifanya. Wakaieleza kwa mtindo wa zile shoo za zamani za kudhihaki watu weusi, makusudi kabisa, ili ule mtindo wenyewe ukusute. Ilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2010. Kuna watu wakaandamana nje ya ukumbi kupinga huo mtindo. Naelewa maumivu yao, lakini waliokaa ndani mpaka mwisho walijua kinachotukanwa ni nini. Disemba 12 ikafungwa, maonyesho 49. Ikatajwa mara 12 kwenye Tony mwaka uliofuata, haikupata hata moja. London ikapokelewa vizuri, ikaanzia ukumbi wa Young Vic 2013 na mwaka uliofuata ikahamia ukumbi mkubwa wa West End, ile Broadway ya London. Watu weusi wenyewe niliowauliza miaka ile kwanini hawakwenda, mmoja alinijibu kitu ambacho sijakisahau: mdogo wangu, nimefanya kazi wiki nzima, nikatoe dola mia moja na kitu nikaangalie tunavyoteswa? Sikuwa na la kumjibu. Na hajakosea. Ile shoo ilikuwa nzuri na yeye alikuwa sahihi, yote mawili pamoja.

Mama yangu alipokuja kutoka Tanga kunitembelea nilitaka kumpeleka kwenye kitu cha maana, nikawa namweleza shoo hii na ile, akanisikiliza kwa adabu kisha akasema, mwanangu, mimi nataka ile ya Simba. Nikampeleka The Lion King. Na alifurahi jamani! Kusikia Simba, Rafiki, maneno yake mwenyewe ya nyumbani yanatamkwa kwenye jukwaa la New York, alinikamata mkono kila aliposikia neno. Ile shoo ipo tangu Novemba 1997. Sina neno baya nayo hata moja, lakini pale nilijifunza kwamba mtu anayetoka mbali, mwenye nafasi moja na hela moja, hanunui hatari. Ananunua kitu ambacho anakijua kabla hajakaa. Na Broadway wateja wake wengi ni hao, watalii ni zaidi ya nusu. Shoo mpya isiyo na jina inawaomba watu kama mama yangu waiamini bure, na muda wa kujenga imani haipewi.

Ndo maana wanakimbilia mastaa, na staa naye ni mtego. Natasha, Pierre & The Great Comet of 1812 ya Dave Malloy, kipande cha riwaya ya Tolstoy, ukumbi mzima wa Imperial ulijengwa upya waigizaji wanapita katikati ya watu, iligharimu dola milioni 14. Mwimbaji Josh Groban ndo alikuwa Pierre na watu wakajaa. Ilitajwa mara 12 kwenye Tony za 2017, zaidi ya shoo yoyote mwaka huo. Julai Groban akaondoka na mauzo yakaporomoka kama jiwe. Akaingia Okieriete Onaodowan, mtoto wa wazazi wa Kinigeria, alitoka kwenye shoo ya Hamilton, mwigizaji hasa. Kabla hajakaa sawa likatolewa tangazo kwamba atapisha mapema ili aingie Mandy Patinkin, jina kubwa, waokoe mauzo. Watu wakakasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, kijana mweusi anapishwa namna ile hadharani, Patinkin mwenyewe akajitoa, na shoo ikafungwa Septemba 3. Malloy alieleza kwamba shoo ilikuwa taabani kabisa kihela ndo maana walikuwa wanahangaika. Nikiwaza lile sakata mpaka leo simwoni shetani mle ndani, naona watu wenye kapu lililobaki mabuyu matatu wanafanya maamuzi usiku wa manane.

Moja tu nimeiona ikiponea, na naisema kwasababu inanipa moyo. Maybe Happy Ending, ilifunguliwa Novemba 2024 ukumbi wa Belasco. Roboti wawili waliostaafishwa Seoul wanapendana. Haina jina linalojulikana, haina kitabu maarufu nyuma yake, na mwanzoni, wakati wa maonyesho ya majaribio, kuna wiki mauzo hayakufika hata dola laki tatu. Kila mtu aliizika. Lakini ina waigizaji wanne tu, kwa hiyo matumizi yake ya wiki yako chini kuliko shoo zenye watu thelathini, kapu likadumu, na wachambuzi wakaipenda na watu wakaanza kuambiana na safari hii habari ikafika kabla ya bili. Wiki ya sikukuu za mwisho wa mwaka walikuwa wamepita milioni. Juni 2025 ikachukua Tony sita ikiwemo shoo bora ya mwaka. Ukiiweka pembeni ya Bridges, mimi sioni kama moja inapendwa kuliko nyingine. Naona moja ilipata wiki kumi za ziada.

Kuna jambo moja limekaa moyoni mwangu tangu 2014. Mimi nilikwenda wiki ya mwisho, na nililipa nusu bei. Tangu Februari nilikuwa napita chini ya lile bango nasema nitakwenda, mshahara ujao, wiki ijayo, baridi ikipungua. Watu kama mimi tulikuwa wengi sana, siku zile za mwisho foleni ilikuwa ya watu wanaosema hayo hayo. Tungekwenda mwezi wa tatu. Siku hizi shoo ninayoitaka kwa moyo nanunua ndani ya wiki tatu za kwanza, bei kamili kama ninayo, na nikitoka namtumia kila mtu voisi noti mpaka wanachoka.

Bridges yenyewe ilianza kuzunguka miji ya Marekani mwishoni mwa 2015, wakaanzia Des Moines, Iowa, kwao Francesca. Sikuweza kwenda. Lakini 2019 niliikuta kwenye ukumbi wa shule hapa New Jersey, kikundi cha watu wa mtaani tu, Francesca ni mwalimu wa hesabu, Robert, yule mpiga picha, anauza bima, ala ni piano na selo moja, daraja wamechonga kwa mbao na rangi haijakauka vizuri unaisikia harufu. Tiketi dola 20. Viti vya plastiki 120 na vilijaa vyote, wakaenda kuvuta vingine kutoka madarasani watu wakabanana ukutani. Ukiwachukua watu wale wale ukawapeleka West 45th Street, ilikokuwa Bridges ya Broadway, kwenye ukumbi wa viti zaidi ya elfu moja ungesema shoo hii haina watu. Pale shuleni mlinzi alikuja mara mbili kuomba njia ya mlango wa dharura iachwe wazi. Mwalimu wa hesabu akaimba ule wimbo wa mwanzo, wa safari ya kutoka Napoli, sauti ikamkwama kidogo katikati, akameza mate, akaendelea.